Vanishi, Mafuta na Kichwa cha Mama Mkwe

Mimi ni binti wa seremala, na hilo liwekwe wazi mapema ili mtu asidhani nilikosea kwa kutojua. Nilikulia Kitale ndani ya maranda. Kabla sijaanza shule nilijua kushika msasa, na nilipofika darasa la tano baba alikuwa ananiachia milango ya watu niipake vanishi mwenyewe, halafu anawaambia wenye milango kwamba kapaka yeye. Kwa hiyo nilipoolewa Lodwar, katikati ya miaka ya tisini, na nikaamua kwamba ukuta wa sebule yetu utavishwa mbao, sikuomba ushauri wa mtu. Ningemwomba nani? Mume wangu alikuwa karani wa mambo ya maji, mtu mpole, na kwake ubao ni kitu cha kuwekea kikombe.

Sababu ya mbao hizo ilikuwa kichwa cha mama yake.

Mama mkwe aliishi upande wa Namoruputh na mbuzi wake, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili alipanda lori la wafanyabiashara akaja kumwona mwanawe. Alikuja amejipamba. Shanga zilimjaa shingoni hadi kidevu kikainuka, na nywele zake zilikuwa zimesukwa na kupakwa mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Viti vyetu hakuvitaka kabisa. Alitandika ngozi yake sakafuni, akaegemea ukuta unaotazama mlango, maana hapo ndipo upepo unapopita, na hapo angekaa hadi jioni akimtazama mwanawe akiingia na kutoka. Akiondoka, ukutani panabaki duara jekundu, kubwa kama sahani. Ukuta wenyewe ulikuwa wa chokaa nyeupe. Nikipaka chokaa upya, mafuta yanapenya tena na duara linarudi, safari hii na rangi ya chai. Wenzangu wa ofisini, ambako nilikuwa mpiga chapa, wakija kunitembelea macho yao yalikwenda hapohapo. Mmoja aliniuliza kama paa letu linavuja. Niliona haya, na mimi haya ikiniingia hutoka ikiwa hasira.

Wala haikuwa mara ya kwanza mafuta yale kunikosesha raha. Siku nilipoingia kwao kama mke, mama mkwe aliyachota kwa kiganja akanipaka kwenye paji la uso, shingoni na kifuani, juu ya blauzi mpya niliyoshonewa Kitale. Wanawake waliimba. Mimi nikacheka kwa meno tu. Jua halijatua nilikuwa kwenye mfereji na kipande cha sabuni najisugua kama sufuria. Alipita akaniona, akaendelea na njia yake, na nikadhani mambo yameishia hapo.

Mbao zilikuwa za saiprasi. Ndugu yangu alizipiga randa huko Kitale, akazichonga kingo ziingiliane, akazipakia kwenye lori la mahindi. Fundi wa Lodwar akazipigilia kuanzia sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Mume wangu alimpelekea mama yake habari kwamba mbao hizo ni za mgongo wake, ili asiumizwe tena na ukuta wa mawe. Sijui kama alisema hivyo kwa kutaka amani au aliamini kweli. Mimi sikumrekebisha.

Basi likabaki suala la kuzipaka nini, na hapo ndipo nilipojiona profesa. Rangi ya mafuta niliikataa palepale, kwa sababu ukisafirisha saiprasi kutoka Kitale kisha ukaifunika rangi ya kijani ya hospitali, ulikuwa na haja gani ya kuisafirisha? Nta ya nyuki inapendeza, lakini kwa joto la Lodwar nta hulainika saa nne asubuhi, na mtu akiegemea anaondoka nayo. Nikachagua vanishi, ile ngumu ya kung'aa. Nilichotaka, nikisema ukweli, ni ukuta unaopanguzika.

Kupaka vanishi Lodwar ni vita na upepo. Ukichelewa ukafika saa tatu, vumbi limeingia, na ukuta wako unakuwa msasa. Nilianza alfajiri, nimetundika mashuka yaliyolowa madirishani, brashi yangu safi, mkono wangu mwepesi, natembea na ubao kutoka juu hadi chini bila kurudi nyuma. Asubuhi tatu, mikono mitatu ya vanishi. Nilipomaliza uliweza kuliona dirisha lote ndani ya ukuta, na mtu akipita nje ukamwona anapita ndani ya mbao. Nilimwita mume wangu aje aone. Akasema ni mzuri, kisha akatafuta mahali pa kuweka kikombe.

Mama mkwe alikuja wiki mbili baadaye. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Alizipapasa zile mbao, akamwambia mwanawe kitu kirefu kwa Kiturkana, wote wawili wakacheka, akatandika ngozi yake na kuegemea. Alikaa siku nzima. Nikamtengenezea chai ya maziwa mengi, akanigusa tumbo, akasema mtoto ana miguu mirefu. Sitasema tulikuwa maadui. Jioni akaaga, na kabla vumbi la miguu yake halijatulia nilikuwa nimepiga magoti na kitambaa chenye maji ya sabuni. Duara lilitoka mara moja. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa bado napiga magoti, kitambaa kimekuwa chekundu mkononi, nilipohisi mtu amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau fimbo yake.

Alitazama kitambaa, akatazama ukuta. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini siku hiyo kilitosha.

"Wewe napanguza mimi," alisema.

Akachukua fimbo yake, akaenda.

Mwezi ukapita, hakuja. Alipokuja mjini kuuza mbuzi alifikia kwa dada yake ng'ambo ya mto, na sisi tukasikia kwa watu. Mume wangu akamwendea. Aliporudi nikamwambia aseme, la sivyo nitakwenda kuuliza mwenyewe. Akaniambia mama amesema nyumba ni yangu na mimi ni msafi sana, kwa hiyo hataingia akaichafua. Nikamuuliza, na mtoto je? Akajibu, amesema atamwona siku mtoto atakapojua kutembea, aje kwake kwa miguu yake.

Nilikasirika wiki nzima. Nilipiga chapa kwa nguvu hadi herufi zikatoboa karatasi. Nilimwambia mume wangu kwamba huko kwetu ukuta ni ukuta, mtu anapanguza ukuta hapanguzi mtu, na kwamba mimi sijamtukana yeyote. Yeye akasikiliza. Kisha nikaenda kliniki ya wajawazito, nikakaa kwenye benchi, na nikaona kila msichana wa rika langu ana mwanamke mtu mzima ubavuni mwake, mwingine anamshikia kadi, mwingine anampepea kwa leso. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la saba. Nililia pale kwenye benchi mbele ya watu. Nilikuwa naogopa kuzaa peke yangu, na mwanamke pekee ambaye angenishika mgongo siku hiyo nilikuwa nimemfuta kwa sabuni. Tena mara mbili, maana siku ile ya mfereji nayo ilinirudia.

Lakini mimi si mtu wa kulia siku mbili. Kama vanishi ndiyo iliyoharibu, basi vanishi itatoka, na nitapata kitu kingine cha kupaka. Tatizo ni kwamba maduka ya Lodwar yalikuwa na vanishi na rangi, basi. Ikatokea ofisi ikanituma Kakuma siku tatu kupiga chapa orodha fulani. Siku hizo magari yalikwenda kwa msafara na askari kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na nilisafiri na tumbo langu mbele, nimekalia mto, dereva akiniomba msamaha kwa kila shimo.

Ndani ya kambi ya wakimbizi palikuwa na karakana ndogo kando ya kanisa, ya fundi mmoja Msudani, mtu mrefu mkimya aliyekuwa akitengeneza viti na milango. Kiswahili chake nusu kilikuwa Kiarabu cha Juba. Nikamsalimu kama binti wa seremala anavyomsalimu seremala, yaani nilishika kwanza kiti chake nikakikagua viungo. Kilikuwa kizuri. Nikamwambia nataka vanishi isiyong'aa, ambayo doa likiingia halionekani sana na pia halifutiki sana. Yeye akaendelea kupiga randa. Mwishowe akaniuliza ni nani anayekaa kwenye huo ukuta.

Sikutarajia swali hilo. Baba alikuwa akiuliza mbao ni gani, mteja ana haraka kiasi gani, nyumba ina unyevu au haina. Sikuwahi kumsikia akiuliza ni nani atakayeegemea. Nikamweleza yote, mfereji, kitambaa, fimbo, maana mtu akikuuliza swali zuri unaropoka. Akaweka randa chini, akanipeleka kanisani.

Mabenchi aliyachonga yeye, na hayakuwa na vanishi hata tone. Yalikuwa na rangi ya asali, yamefifia, na kwenye kila egemeo palikuwa na madoa meusi laini, moja baada ya jingine, mahali migongo na vichwa vya watu vilipokaa Jumapili kwa Jumapili. Alinionyesha la mbele kabisa, akaniambia mwenye doa lile alikuwa mzee wa kwaya, amefariki, na watu bado humwachia nafasi yake. Nikaweka kiganja pale. Palikuwa laini kuliko ubao wote uliobaki.

"Mbao iko na njaa," akaniambia. "Vanishi nafunga mdomo yake. Mpe mafuta, atakula. Halafu atakula na ya mama."

Yalikuwa mafuta ya mbegu za kitani, yale mafundi huita linsidi. Akanijazia chupa mbili za soda, akazifunga kwa gunzi la mahindi, na akanifundisha: paka kidogo, asubuhi, subiri ubao unywe, uliobaki upanguze usikauke juu. Na vitambaa, akasema mara tatu, vitambaa usivirundike, vitandaze juani au vitie majini, vinawaka vyenyewe. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejua.

Kuondoa vanishi nilianza siku niliyorudi. Njia ya baba ni kipande cha kioo kilichovunjika, unakivuta juu ya ubao nayo vanishi inatoka kama magamba ya samaki. Siku ya pili kiuno kiligoma. Mume wangu alirudi kutoka kazini, akanikuta nimeketi chini nakwangua huku natukana, akanitoa kioo mkononi, akavua shati. Alikwangua vibaya mno. Alikwenda kinyume cha nyuzi za ubao, akajikata vidole, na nikiangalia leo naweza kukuonyesha kila mahali alipopita. Sikumkosoa, na wanaonijua wataelewa uzito wa jambo hilo. Baada ya siku tano ukuta ulikuwa mtupu, umepauka, una kiu.

Sasa ningeweza kupaka mafuta nikamaliza. Ila nilikuwa nimeshachagua peke yangu mara moja. Nikachukua vipande vitatu vya saiprasi vilivyobaki, kimoja nikakipaka vanishi, kimoja nta, kimoja mafuta ya fundi wa Kakuma. Nilipojikaza moyo na mbao zikakauka, na niliposikia mama mkwe yuko mjini, nikavitia kwenye kiondo, nikatupia leso nyeupe begani, nikavuka daraja kwa mguu. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ua wa dada yake, anasugua kwa mafuta chombo chake cha mti cha kuwekea maziwa. Kilikuwa cheusi kwa miaka, kinateleza. Nilikuwa nimekiona mara nyingi na sikuwahi kujiuliza kwa nini hakipasuki. Nikamsalimu ejok, akajibu ejok bila kuinua macho. Nikaketi chini, na kuketi chini na tumbo lile si kazi ndogo, nikavipanga vipande vitatu mbele yake.

"Mama, nilikosa," nikamwambia. "Chagua wewe. Utakachochagua ndicho kitakachokuwa ukutani."

Alipitisha kidole gumba kwenye nywele zake, akakikandamiza kwenye kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alama tatu nyekundu. Kisha akarudi kwenye chombo chake. Tukakaa. Dada yake akatuletea chai, tukanywa, mbuzi wakapita, nikabadilisha ubavu mara kumi. Nilitamani sana kusema kitu na nikajizuia. Alipoona muda umetosha alinyoosha mkono, akaitoa leso yangu begani, na akaanza kupanguza yeye mwenyewe.

Kwenye vanishi alama ya kidole chake ilitoka mara moja, kama haikuwahi kuwapo. Aliutazama ubao huo, akanitazama, akauweka kando. Kwenye nta ilichanganyika na nta ikawa uchafu tu. Kwenye mafuta aliipangusa rangi ya juu, ikatoka, na chini yake alama ikabaki. Akasugua kwa nguvu zaidi. Ikabaki. Akatema mate, akasugua tena, shanga zikigongana. Mistari ya kidole gumba chake ilikuwa imeingia ndani ya saiprasi na haikutaka kutoka.

"Hii," alisema. Akakitia kipande hicho ndani ya mfuko wake wa ngozi, chini kabisa, na akanirudishia leso.

Leso ilikuwa nyekundu katikati. Niliitazama, nikaitupia begani upande wa doa juu, nikapita nayo mjini mbele ya posta, mbele ya ofisi yetu, mbele ya yule rafiki wa paa linalovuja.

Ukuta niliupaka asubuhi mbili. Saiprasi ilikunywa mafuta kwa sauti, wallahi, niliweka sikio nikasikia. Ikageuka rangi ya asali kama yale mabenchi. Vile vitambaa, mimi binti wa seremala, nikavirundika kwenye ndoo nyuma ya jiko, na saa saba mchana jirani akapiga kelele kwamba ndoo yetu inatoa moshi. Nikaimwagia maji. Mume wangu aliniuliza kama fundi hakunionya, nami nikamwambia huenda alinionya kwa Kiarabu.

Mama mkwe alifika siku nne kabla ya uchungu, na mzigo wake mdogo, hakutangaza. Aliingia, akasimama mbele ya ukuta, akaunusa. Kisha akatandika ngozi yake palepale pa zamani.

Uchungu ulinishika asubuhi, baada ya mume wangu kwenda kazini. Nilikuwa nimepanga kwenda hospitali kwa miguu yangu, maana nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilifika katikati ya sebule nikashindwa. Mama mkwe alituma mtu amwite muuguzi aliyekaa nyumba ya tatu, halafu akaketi, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao, akafungua miguu, akanivuta nikae katikati, mgongo wangu kifuani pake. Kila uchungu ulipokuja nilimsukuma nyuma kwa nguvu zangu zote, naye akausukuma ukuta, na ukuta ukatubeba wote wawili. Mbao hazikulia. Shanga zake zilinichora shingoni, mafuta yake yakanitiririkia mgongoni pamoja na jasho langu na lake, na mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu ukisema maneno ambayo wakati huo sikuyaelewa. Nilimwita mama. Sikuwa namwita yule wa Kitale.

Nilizaa msichana, naye alikuwa na miguu mirefu kweli. Muuguzi alipomaliza kazi yake, mama mkwe akapitisha kidole gumba kwenye nywele zake, akampaka mtoto kwenye paji la uso, akanipaka na mimi. Jirani aliniletea karai la maji ya moto na sabuni. Nikamwambia amwogeshe mtoto kesho, na mimi aniache nilivyo.

Ukutani palibaki doa si la kichwa tu. Lilikuwa na mabega, mgongo, kila kitu. Lilikuwa jekundu mwanzoni, mwaka uliofuata likawa kahawia, na kadiri alivyoendelea kuja na kuegemea, miaka yote aliyokuwa na nguvu za kupanda lori, likawa jeusi na laini kama chombo chake cha maziwa. Ametutoka sasa, na binti huyo ana watoto wake.

Mwaka jana niliita fundi apake nyumba upya. Kijana mwenye heshima, ana mashine ya umeme ya kusugulia. Alizunguka sebule, akafika kwenye zile mbao, akatikisa kichwa, akaniambia kwa upole kwamba doa hilo atalitoa lote bila kunitoza, kisha atapiga vanishi ya kisasa na ukuta utakuwa kama mpya. Nikamwambia nyumba nzima ni yake, apake anavyotaka, ila akiugusa ukuta huo mashine yake ataila. Alicheka, akidhani natania. Nikakunja leso yangu, nikaketi sakafuni, nikaegemea lile doa, mahali pangu sasa, akaacha kucheka.